Maswali ya Wasomaji: Dhahabu ndani ya kipimo cha malaria, na chembe nano nyingine zilizomo wodini

Tuliomba maswali kuhusu nanoteknolojia katika tiba na upimaji wa magonjwa. Wengi mmeuliza itafika lini. Imeshafika, tena miaka mingi, na baadhi yenu mmeishika kwa mikono yenu wiki hii. Tumechagua maswali yanayomgusa mgonjwa na anayemhudumia.

SWALI: Mwanangu wa kidato cha tatu anasema kipimo cha malaria kina dhahabu. Mimi naona plastiki na karatasi tu. Hiyo dhahabu iko wapi? (Mzazi, Morogoro)

JIBU: Mwanao yuko sahihi. Ule mstari mwekundu ndio dhahabu yenyewe. Dhahabu ikitengenezwa kwa chembe za nanomita 20 hadi 40 hupoteza umanjano wake. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita; seli nyekundu ya damu ina upana wa nanomita zaidi ya 7,000, kwa hiyo chembe kama hizo zaidi ya 150 zinaweza kupangwa mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo wa seli moja. Kwa udogo huo, elektroni za dhahabu huchezeshwa na mwanga wa kijani na kuumeza, na mwanga unaobaki kufika machoni mwetu huwa mwekundu. Michael Faraday alilichunguza jambo hili jijini London na kuliandika mwaka 1857. Chembe zikigandamana, rangi hugeuka zambarau au buluu, na kitu kinachozigandamanisha upesi ni chumvi. Shikeni hilo la chumvi, kwa sababu linaeleza makosa kadhaa yaliyoulizwa hapa chini.

Ukifungua kaseti, yaani kile kiplastiki cha kipimo, utakuta ukanda wenye sehemu nne zilizolaliana kidogo: pedi ya kupokea damu, pedi yenye dhahabu iliyokaushwa, utando mweupe wa nitroselulosi, na pedi ya kunyonya mwishoni. Kila chembe ya dhahabu imevikwa kingamwili zinazonasa protini iitwayo HRP2, inayotolewa na vimelea vya Plasmodium falciparum. Bafa, yale maji ya kwenye kichupa, hupasua seli za damu na kuitoa protini hiyo. Dhahabu huinasa, kisha vyote hutambaa pamoja kwenye utando. Penye herufi T kuna kingamwili nyingine zilizobandikwa, nazo huishika protini ileile kwa upande wa pili. Chembe zikijazana hapo kwa mamilioni, jicho huona mstari.

Penye C hunaswa hata dhahabu isiyobeba kitu. Hapa kuna jambo ambalo hata wapimaji wazoefu hulisahau: mstari wa C unathibitisha kwamba maji yametembea na dhahabu ni nzima, lakini hauthibitishi kwamba damu iliwekwa. Aliyesahau damu akaweka bafa peke yake ataona C safi, T haipo, na mgonjwa ataandikiwa kwamba hana malaria.

Na kwa wanaouliza kama inalipa kuzikusanya kaseti zilizotumika: hailipi. Kila moja ina sehemu ndogo tu ya miligramu, na ina damu ya mtu.

SWALI: Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Tunatumia mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, kila siku, lakini mara nyingine T hutokea baada ya saa nzima, mara nyingine utando wote unakuwa mwekundu, na mara nyingine mstari unafifia mpaka tunabishana. Tunakosea wapi? (Busia, Kenya)

JIBU: Ndugu, matatizo yote matatu yanatokana na kiasi na muda. Twende hatua kwa hatua.

Kabla ya kufungua, angalia tarehe na uhakikishe pakiti haijatoboka. Kama boksi limetoka mahali pa baridi, liache lifikie joto la chumba. Pakiti ikishafunguliwa, tumia kaseti palepale, kwa sababu pedi ya dhahabu ni kavu na huvuta unyevunyevu wa hewa. Ikishalowana kidogo, dhahabu haiachii vizuri na mstari huwa dhaifu. Mle ndani mna kipakiti kidogo cha kunyonya unyevu. Kama ni cha aina inayobadilika rangi na kimeshabadilika, tupa kaseti.

Joto nalo lina madhara yake. Dhahabu haidhuriki, ila kingamwili zilizoivika ni protini, nazo huharibika. Maboksi yaliyokaa chini ya bati la moto, au nyuma ya pikipiki juani mchana kutwa, yanaweza kutoa C nzuri huku T ikiwa imepoteza nguvu. Kiwango cha juu cha joto kimeandikwa kwenye boksi, mara nyingi nyuzi 30 au 40. Kisome kwenye boksi lako, usikidhanie.

Futa kidole cha pete kwa spiriti, kisha subiri kikauke kabisa. Spiriti mbichi hulizimua tone la damu na kulifanya litawanyike. Choma pembeni mwa ncha ya kidole, si katikati. Kwa mtoto mchanga tumia kisigino. Damu inayotakiwa katika kits nyingi ni mikrolita 5, na kifaa kilichomo kwenye pakiti, kiwe kitanzi au pipeti, kimepimwa kwa kiasi hicho. Anayedondosha damu moja kwa moja kutoka kidoleni huweka mara kadhaa zaidi ya hiyo. Ndiyo sababu ya utando wako mwekundu: hemoglobini imezidi, bafa haikuweza kuisafisha, na mstari hafifu ukafichwa humo.

Bafa: kits nyingine hutaka matone 2, nyingine 4. Shika kichupa wima kabisa. Ukikiinamisha, matone huwa madogo na ukanda hukosa maji ya kutosha. Ukiongeza matone kwa haraka ya kutaka majibu, maji hufurika na kupita juu na pembeni badala ya kutambaa ndani ya utando, hivyo majibu huwa hafifu au ya uongo. Tone lenye povu si tone kamili, hivyo litoe kwanza nje.

Bafa ikiisha kabla ya kaseti, usitumie bafa ya kipimo cha VVU, wala maji ya bomba, wala maji ya drip. Bafa ina chumvi na sabuni kwa vipimo maalumu vinavyozuia dhahabu kunata pasipo sababu. Ukibadilisha maji hayo, dhahabu huweza kujishika kwenye T bila malaria yoyote, na utampa mtu dawa asiyoihitaji. Afadhali kumpa rufaa.

Sasa muda. Washa saa unapoweka tone la mwisho la bafa. Soma katika dakika zilizoandikwa, kwa kawaida 15 au 20. Ukisoma kwenye dakika ya 5, mstari wa mtu mwenye vimelea vichache haujajengeka. Ukisoma baada ya saa, utando umekauka, maji ya pedi ya mwisho yamerudi nyuma, na dhahabu iliyobaki imejikusanya popote. Mstari wa T uliotokea wakati huo hauna maana, usiuandike.

Na kuhusu ubishi wenu: ndani ya muda sahihi, T hafifu ni malaria sawa na T nene. Unene wa mstari hauonyeshi ukali wa ugonjwa. C isipotokea, kipimo ni batili hata kama T imekolea. Rudia kwa kaseti nyingine.

SWALI: Mtoto alimaliza dawa mseto, akapona. Baada ya wiki mbili akapata homa, mRDT ikasema malaria. Dawa ni feki? (Mama, Kigoma)

JIBU: Si lazima, mama. HRP2 hubaki kwenye damu baada ya vimelea kufa, kwa kawaida wiki 2 hadi 4, na kwa wengine zaidi. Kipimo kinaona mabaki. Katika kipindi hicho omba damu isomwe kwa hadubini, ambapo mtaalamu huona vimelea vyenyewe na kuvihesabu. Kama hakuna hadubini, kuna kits zinazotafuta protini nyingine, pLDH, ambayo huondoka mapema zaidi vimelea vinapokufa. Mwambie mhudumu tarehe ya dozi ya mwisho kabla hajachoma kidole. Mweleze pia kama dozi zote 6 za siku 3 zilimezwa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, maana lumefantrini, moja ya dawa zilizomo kwenye dawa mseto, bila mafuta huingia mwilini kidogo mno.

Upande wa pili nao upo: kipimo kinasema hakuna, na mtoto anaungua. Vimelea vikiwa chini ya 100 hadi 200 kwa mikrolita moja ya damu, mRDT inaweza isivione. Vikizidi mno, protini hufurika, hushika dhahabu upande mmoja na kujaza nafasi za T upande mwingine, mpaka daraja kati yake halijengeki na mstari hufifia au hupotea. Kisha kuna vimelea vilivyopoteza jeni ya kutengeneza HRP2. Viligunduliwa Peru, taarifa ikachapishwa mwaka 2010, na baadaye vikaonekana kwa wingi Pembe ya Afrika. Eritrea ilibadilisha vipimo vyake mwaka 2016. Shirika la Afya Duniani linashauri nchi ibadilishe aina ya kipimo iwapo zaidi ya asilimia 5 ya wagonjwa wa falciparum wanakosewa kwa sababu hiyo.

Mtoto mwenye degedege, anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya au kunywa, au aliyelegea asiamke, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, kipimo kiseme kitakachosema.

SWALI: Kile kijiti cha kujipima VVU mdomoni nacho kina dhahabu? Na kwa nini wanakataza kula kabla? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ndiyo, aina inayotumika sana hutumia dhahabu. Hutafuta kingamwili dhidi ya VVU zilizo kwenye ute wa fizi, si virusi. Usile wala kunywa dakika 15 kabla, na kama umepiga mswaki au kusukutua kwa dawa subiri dakika 30, maana mabaki hayo huzimua ute na kuvuruga mwendo wa maji kwenye ukanda. Pitisha kijiti mara moja tu kwenye fizi za juu na mara moja za chini. Soma kati ya dakika 20 na 40. Aliyeambukizwa chini ya miezi 3 iliyopita anaweza bado kuonekana hana. Anayemeza ARV asikitumie, kwa kuwa kingamwili zake zinaweza kuwa zimepungua, akadanganyika kuwa amepona. Mistari miwili inamaanisha uende kituoni kuthibitisha kwa vipimo vya damu.

SWALI: Kaka yangu amelazwa na homa ya uti wa mgongo ya fangasi. Daktari amesema atapewa dozi moja tu ya dawa ghali, badala ya kuchomwa kila siku. Dozi moja inatosha kweli? Na nesi alikataa kuitundika kwenye drip ya chumvi iliyokuwapo. (Msomaji, Mbarara, Uganda)

JIBU: Tunakuombea ndugu yako nafuu. Daktari anakwenda na mwongozo wa sasa, na nesi amefanya jambo sahihi kabisa.

Dawa ni amfoterisini B. Hutoboa ngozi ya fangasi, lakini ile ya zamani huumiza pia figo na kushusha potasiamu, ndiyo maana ilitolewa kidogo kidogo, miligramu 1 kwa kilo kwa siku, siku 7. Ya kaka yako imefungwa ndani ya liposomu, vifuko vya mafuta visivyofika nanomita 100. Dawa imekaa ndani ya ukuta wa kifuko, hivyo haizururi ovyo ikashambulia figo, na inaweza kutolewa kwa wingi mara moja: miligramu 10 kwa kilo. Utafiti uitwao AMBITION, uliofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe na kuchapishwa mwaka 2022, uliwafuatilia wagonjwa kwa wiki 10. Waliofariki walikuwa asilimia 24.8 kwenye dozi moja ya liposomu, na asilimia 28.7 kwenye matibabu ya kawaida, na madhara ya dawa yalipungua. Shirika la Afya Duniani likaipitisha mwaka huohuo.

Lakini "dozi moja" ni ya amfoterisini peke yake. Dawa nyingine za fangasi, flusitosini na flukonazoli, humezwa kwa siku 14. Zikikatizwa kwa sababu sindano imeisha, faida yote inapotea. Flusitosini hugawanywa mara 4 kwa siku, na dozi ya usiku ndiyo inayorukwa mara nyingi. Wewe unayemuuguza, shika ratiba hiyo.

Kwa wahudumu wenzetu walioandika kuhusu kuiandaa: kila chupa ina miligramu 50. Mgonjwa wa kilo 60 anahitaji miligramu 600, yaani chupa 12. Weka mililita 12 za maji safi ya sindano kwenye kila chupa, tikisa kwa nguvu sekunde 30 mpaka unga utawanyike wote, vuta, kisha pitisha kwenye kichujio cha mikroni 5 kilichokuja nayo huku ukiingiza kwenye dekstrosi (maji ya sukari) ya asilimia 5. Ukali wa mwisho uwe kati ya miligramu 0.2 na 2 kwa mililita. Maji ya kuyeyushia yasiwe ya chumvi, drip isiwe ya chumvi, na kama mpira wa drip umepitisha chumvi usafishe kwanza kwa dekstrosi au weka mpira mpya. Vifuko hivi huachana kwa sababu vina chaji hasi na husukumana. Chumvi huifunika chaji hiyo, vifuko hugandamana kama dhahabu inavyogeuka buluu, na dawa hutuama.

Hilo linachanganya watu, kwa sababu kabla ya dawa mgonjwa hupewa lita 1 ya maji ya chumvi yenye potasiamu ili kulinda figo. Yote mawili ni kweli: chumvi itangulie, mpira usafishwe, ndipo dawa ifuate.

Mambo mawili ya kumuuliza daktari. Kwanza, shinikizo la maji ya uti wa mgongo: likiwa juu, kuyatoa kwa sindano mgongoni huokoa maisha, nanyi msikatae kwa kuogopa kupooza. Pili, kama kaka anaishi na VVU na hajaanza ARV, kwa kawaida husubiriwa wiki 4 hadi 6. Kuzianza mapema huamsha kinga ghafla, na ubongo uliovimba hauvumilii.

SWALI: Na ile sindano ya madini ya chuma kwa wajawazito? (Mkunga, Tanga)

JIBU: Umeuliza mahali pake. Chuma cha sukrosi nacho ni chembe nano, kiini cha chuma kilichofunikwa sukari, lakini sharti lake ni kinyume: maji ya chumvi tu, dekstrosi hapana. Miligramu 100, yaani mililita 5, huwekwa kwenye maji yasiyozidi mililita 100 na kutiririka kwa dakika zisizopungua 15. Usiizimue kupita hapo ukidhani unamhurumia mama, maana chembe hazitulii zikizimuliwa mno. Dawa hizi mbili zikiwa kwenye kabati moja, andika kwa kalamu nene juu ya kila boksi maji yake.

SWALI: Chanjo zenye chembe nano zina mitambo ndani? Na kwa nini chupa hazitikiswi? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Hazina mitambo. Chanjo ya Korona ya Pfizer na BioNTech ina mafuta ya aina nne yaliyojikunja kuwa vifuko vya nanomita 100 hivi, vikibeba mRNA, yaani maelekezo ya kutengeneza protini. Bila mafuta hayo, mRNA ingekatwakatwa na vimeng'enya kabla ya kuingia kwenye seli. Katalin Karikó na Drew Weissman walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2023 kwa kuifanya mRNA ikubalike mwilini. Chupa ya mwanzo, yenye kifuniko cha zambarau, ilizimuliwa kwa mililita 1.8 za maji ya chumvi na kupinduliwa polepole mara 10. Kutikisa kwa nguvu huvunja vifuko na kuviunganisha. Mtaona kwamba liposomu ya amfoterisini hutikiswa na hii haitikiswi, kwa hiyo kila dawa isomewe karatasi yake.

Karibu zaidi na nyumbani ni chanjo ya malaria ya R21, iliyojaribiwa pia Kilifi na Bagamoyo, na kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2023. Protini yake hujikusanya kuwa chembe ndogo kama virusi, na kichocheo chake, Matrix-M, ni vitundu vya nanomita 40 hivi vilivyotengenezwa kwa saponini ya magome ya mti wa Chile. Haitakiwi kuganda. Dozi ni 3 kuanzia mtoto akiwa na miezi 5, na ya nne mwaka mmoja baadaye.

SWALI: Mjini kwetu kuna mashine unayoshika mkononi, inapima magonjwa yote "kwa nano", kisha wanauza maji ya fedha ya kunywa. Mama yangu anayanywa. (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Mashine ya namna hiyo haichukui damu, mkojo wala makohozi, basi hakuna kitu chembe nano ingeweza kunasa. Huwezi kupata sukari, figo na ini kwa kushika chuma. Kipimo halali cha ugonjwa husajiliwa: Tanzania na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), Kenya na Bodi ya Dawa na Sumu. Ulizeni namba ya usajili.

Mama aache maji hayo leo. Fedha inayomezwa hujikusanya kwenye ngozi na kuigeuza rangi ya kijivu-buluu ya kudumu, na hakuna ugonjwa wa ndani inaoutibu. Kama anatumia dawa nyingine, apeleke chupa kwa daktari ionekane, kwa kuwa fedha huweza kuzuia baadhi ya dawa, zikiwamo za tezi, zisifyonzwe.

Fedha ina kazi yake ya kweli juu ya jeraha. Bandeji zenye fuwele nano za fedha hutumika kwenye majeraha ya moto, na zile za siku 3 huachwa siku 3 bila kufunguliwafunguliwa. Hulowanishwa kwa maji safi ya hospitali, si ya chumvi, kwa sababu kloraidi hushika fedha na kuifanya isiyeyuke wala isiue vijidudu. Msipake mafuta wala marhamu chini yake.